Jipu la sungura halimalizwi na wembe

Swali: "Shikamoo daktari. Naandika kutoka Tanga. Nina sungura wawili, madume, nawafuga kwa mapenzi tu, si wa kuchinja. Mmoja, Karanga, ana miaka mitatu. Mwezi uliopita aliota uvimbe chini ya taya, upande wa kushoto. Kaka yangu akautumbua kwa wembe, ukatoka usaha mweupe mzito kama dawa ya mswaki, tukasafisha kwa spiriti, pakafunga. Sasa umerudi, tena mkubwa kuliko ule wa kwanza. Juzi wakapigana na mwenzake, amepata kidonda mgongoni na kimeanza kunuka. Duka la dawa wamenipa amoksilini ya maji ya watoto, nimempa mara mbili. Bibi anasema nipake asali. Jirani anasema nimchinje yaishe. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kabla hatujafika kwenye jipu lenyewe: hiyo amoksilini usimpe tena, hata nusu kijiko. Wa duka la dawa hawakukutakia mabaya. Kwa mtoto, kwa mbwa na kwa paka ni dawa ya kawaida kabisa. Kwa sungura, ikipita mdomoni, inaweza kumuua upesi kuliko jipu unalolihofia. Sungura anaishi kwa majani, na kazi ya kuyageuza majani yawe chakula inafanywa na vijidudu vilivyojaa kwenye mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana. Amoksilini huviua vile vyema, nafasi ikabaki wazi kwa vibaya, hasa kimoja kiitwacho Clostridium spiroforme, ambacho hutoa sumu. Sungura anaharisha, masikio yanapoa, analegea, na wengi hawachukui muda. Ubaya wake ni kwamba hali hiyo inaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Kwa hiyo wiki hii yote angalia vinyesi vyake kila asubuhi na jioni. Vikiwa duara, vikavu na vingi, shukuru. Vikipungua, vikiwa vidogo mno, au ukiona uharo, hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo, si kesho yake.

Mpe nyasi kwa wingi. Ukoka uliokauka kivulini ni mzuri kabisa. Pumba, mkate na karoti viweke kando kwa sasa.

Amoksilini haiko peke yake. Ampisilini, kloksasilini, sefaleksini, klindamaisini, linkomaisini na eritromaisini, zote zikimezwa na sungura ni hatari ileile. Penisilini ya sindano ni habari nyingine: ikichomwa chini ya ngozi haipiti utumboni kwa kiasi kile, na madaktari wengi tunaitumia kwa majipu ya taya, ila kwa kipimo na kwa kumwangalia mgonjwa. Dawa ambazo utumbo wa sungura huzivumilia vizuri ni enrofloksasini, mchanganyiko wa sulfa na trimethoprimu (kundi la septrini), metronidazoli ambayo wengi mnaiita flajili, na azithromaisini. Sikuandikii dozi hapa, na sababu yake si uchoyo. Enrofloksasini ya kuku inayouzwa kwenye maduka ya mifugo mara nyingi ni ya asilimia 10, yaani miligramu 100 ndani ya mililita moja. Kwa sungura wa kilo mbili, kosa la nukta moja kwenye bomba la sindano ni dozi ya mara kumi. Tena ile ya sindano ikichomwa ilivyo, bila kuzimuliwa, huunguza nyama na kuacha jipu jingine pale ilipochomwa.

Sasa jipu. Kaka yako alifanya ambalo mtu yeyote angefanya, kwa sababu jipu la mtu, la mbuzi au la ng'ombe ukilipasua usaha unatiririka, pakaoshwa, pakapona. La sungura haliendi hivyo. Chembechembe nyeupe za damu yake zina upungufu wa vimeng'enya vya kuyeyusha usaha, ndiyo maana haulainiki ukawa maji. Unabaki mzito, umeshikamana, hautoki wote hata ukiminya mpaka mnyama alie. Mwili wake nao, kwa kujilinda, hujenga ganda nene kuuzunguka. Ndani ya ganda hilo hamna mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu, kwa hiyo unaweza kummezesha mgonjwa wako antibiotiki mwezi mzima na vijidudu vikawa vimetulia ndani, havina habari. Ganda likibaki, jipu linarudi. Mara nyingi huwa na matawi yanayojipenyeza kati ya misuli, kwa hiyo unalolishika kwa vidole ni sehemu tu ya lililopo.

Na kuna swali ambalo kwa uvimbe wa taya ni lazima liulizwe: limetoka wapi? Jipu la mgongoni au la sikio aghalabu limetokana na kung'atwa. La chini ya taya, kwa sungura wa miaka mitatu, mimi humshuku jino kwanza, na huendelea kumshuku mpaka picha ya eksirei inionyeshe vingine. Sungura ana meno 28 na yote yanaota maisha yake yote. Ya mbele hurefuka milimita 2 hadi 3 kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi kwa saa nyingi, taya likienda upande huku na huku. Sungura anayelishwa pumba za mahindi, makombo ya ugali, mkate na kabichi hushiba upesi bila kusaga. Magego yanarefuka, yanapinda, mizizi inasukumwa chini ndani ya mfupa wa taya, vijidudu vinapata njia, na kinachoonekana nje ni uvimbe mgumu ambao hausogei ukiusukuma kwa kidole. Hukuniambia Karanga anakula nini. Naomba ufikirie pia kama kidevu chake hulowa mate, kama jicho la upande wa kushoto linatoa machozi, kama anaokota chakula kisha anakidondosha, au kama siku hizi anachagua laini na kuacha ngumu. Ukijibu ndiyo hata kwa moja, mwambie daktari.

Usijaribu kumpanua mdomo nyumbani uyatazame magego. Mdomo wa sungura ni mwembamba na mrefu, magego yako mbali ndani, hutaona kitu na utamuumiza. Hata sisi mara nyingi tunamlaza kwa dawa ya usingizi ndipo tuone vizuri.

Tiba yenyewe ni upasuaji. Lililo bora ni kulitoa jipu zima na ganda lake bila kulipasua, na hilo huwezekana zaidi kwa majipu ya chini ya ngozi mgongoni, shingoni au kifuani. La taya likishaingia mfupani halitoki zima. Hapo daktari hulifungua kwa upana, hukwangua usaha na ganda, huondoa jino lililooza na vipande vya mfupa uliokufa, kisha hushona kingo za ngozi kwa nje ili shimo libaki wazi, lipone kuanzia ndani kuja nje. Wenye mnyama hushtuka wakiona shimo limeachwa. Ndivyo linavyotakiwa: likiwahi kuziba juu huku chini bado, mmerudi mlikotoka. Wengine hujaza shimo kwa shashi iliyolowekwa antibiotiki na kuibadilisha mara kwa mara. Ile mipira ya kutolea usaha inayowekwa kwa mbwa haifai kwa sungura, usaha wake hauwezi kupita humo. Mwambie pia achukue kipande cha ganda, si usaha wa katikati, akipeleke maabara kuoteshwa, maana katikati mara nyingi vijidudu vimeshakufa. Wanaoonekana zaidi ni Pasteurella multocida na Staphylococcus aureus, na kwa majipu ya meno huwa kuna vile visivyopenda hewa, ndiyo sababu metronidazoli huongezwa.

Si kila daktari wa mifugo amewahi kumlaza sungura, na si aibu kumuuliza. Kwako Tanga, kama wa wilaya atasita, omba akupe barua ya hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kwa wasomaji wa Nairobi kuna ile ya Chuo Kikuu pale Kabete. Na ukiambiwa umlaze na njaa usiku wa kuamkia upasuaji, kataa kwa adabu. Sungura hawezi kutapika, hiyo hatari ya mbwa na paka hana. Njaa kwake ndiyo hatari, utumbo ukisimama kuuamsha ni kazi. Ale mpaka muda mfupi kabla, na aanze kula tena mara akizinduka.

Nakuja kwenye asali, maana bibi yako hajakosea sana. Asali huvuta maji kutoka kwenye tishu, vijidudu vikakosa unyevu, na yenyewe hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogokidogo. Madaktari wa sungura wanaitumia kujazia shimo la jipu lililokwisha kufunguliwa na kusafishwa. Kupaka juu ya ngozi ya jipu lililofunga ni kupoteza asali. Na iwe asali kweli: nyingi ya barabarani imechanganywa na maji ya sukari. Ukipata ya Tabora au ya huko Handeni kutoka kwa mtu unayemwamini, ni sawa. Za hospitali zimeuliwa vijidudu kwa mionzi, nazo ni bora, ila hazipatikani kirahisi. Akilamba kidogo haitamdhuru, lakini usimwachie alambe shimo zima.

Kidonda cha mgongoni unaweza kuanza nacho leo, na hicho ndicho kisichongoja. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja amkalishe juu ya meza yenye taulo ili miguu isiteleze, amfunge kwa khanga mwili mzima abakize eneo la kidonda tu, mkono mmoja ukishika kifua na mwingine matako. Asimgeuze chali. Sungura akishtuka hupiga teke la nyuma kwa nguvu kiasi cha kujivunja uti wa mgongo kiunoni, na huko hakuna kurudi.

Kata manyoya kuzunguka kidonda, upana wa vidole viwili kila upande. Ngozi ya sungura ni nyembamba na inavutika pamoja na manyoya, kwa hiyo usiyanyanyue kwa vidole ukakata: utakata ngozi. Pitisha kitana kwenye mzizi wa manyoya, laza mkasi juu ya kitana, kata kilicho juu yake. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichofurika, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Vuta kwa bomba la sindano la mililita 20, toa sindano yenyewe, kisha rusha maji ndani ya kidonda mara nyingi mpaka yanayotoka yawe safi. Jino la sungura hutoboa tundu dogo lenye kina, ngozi hujifunga juu na usaha ukabaki chini, kwa hiyo ukiona gamba limefunika, lilainishe kwa shashi yenye maji hayohayo ya chumvi, dakika kadhaa, litoke lenyewe. Malizia kwa ayodini iliyozimuliwa mpaka rangi yake iwe ya chai nyepesi. Kausha. Usilowanishe mwili mzima, sungura aliyelowa hupoa na kuumwa. Asubuhi na jioni, mpaka nyama ya ndani iwe nyekundu mbichi isiyonuka.

Spiriti iache. Inachoma, na inaua tishu mpya inayojaribu kuota. Haidrojeni peroksaidi hivyohivyo. Spirei ya buluu ya ng'ombe haifiki kwenye usaha ulioko chini, na sungura ataimalizia kwa ulimi. Majivu na oili chafu ya gari, ambayo bado naona watu wakiwapaka sungura kila wakiona kidonda au ukurutu, ni sumu tu, nako ataimeza akijilamba. Kidonda usikishone wala kukifunga bandeji ya kubana. Kola ya shingoni kama ya mbwa nayo inamtesa, kwa sababu kila siku sungura hula kile kinyesi laini akichukua moja kwa moja mkunduni. Ni sehemu ya lishe yake, na kola inamzuia.

Vaa glavu, na osha mikono kwa sabuni ukimaliza. Kama kidonda kingekuwa cha kung'atwa na mbwa ningekuandikia barua nyingine, maana kichaa cha mbwa hakichagui mnyama.

Nzi sasa. Kidonda kinachonuka, hali ya hewa ya Tanga, siku moja tu inatosha kuota funza. Mweke Karanga ndani penye wavu, badilisha matandiko kila siku, na kagua kidonda pamoja na eneo la chini ya mkia. Ukiona funza, watoe mmojammoja kwa kibano, osha kwa maji ya chumvi, halafu nenda kwa daktari, kwa sababu uliowaona si wote. Usinunue dawa ya kupe yenye fipronili, ile ya matone ya mbwa: huua sungura. Kuna pia uvimbe unaofanana na jipu nao si jipu. Una tundu dogo katikati, linachuruzika maji kidogo, na ukitazama kwa makini unaona kitu kinachezacheza ndani. Huyo ni buu wa nzi aitwaye Cordylobia anthropophaga, yuleyule anayetufanya tupige pasi nguo zilizoanikwa nje. Hutaga kwenye mchanga na matandiko yenye mkojo. Ziba tundu kwa vaselini, akijitokeza kutafuta hewa mvute taratibu asikatike. La Karanga kwa ulivyolieleza si hilo, ila wasomaji wengine huwa wananiletea "jipu" ambalo ni buu.

Maumivu: sungura hasemi. Yule anayejikunja kwenye kona, amefumba macho nusu, anasaga meno kwa sauti, anaumwa sana. Daktari atampa meloksikamu. Diklofenaki na ibuprofeni zilizoko kabatini usimjaribie. Kitu cha kuhesabu ni saa tangu alipokula mara ya mwisho: zikifika 12 bila kugusa chakula ni dharura. Ukiwa njiani au unamsubiri daktari, loweka chakula chake cha vidonge kwenye maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji, umlishe kwa bomba pembeni mwa mdomo, kidogokidogo, akimeza ndipo uongeze. Joto lake la kawaida, kwa kipimo cha mkunduni, ni 38.5 hadi 40. Chini ya 38 naliogopa kuliko juu ya 40.

Hao madume wawili watenganishe leo, kwa ukuta wa mbao, si wavu wanaoweza kung'atana kupitia matundu yake. Dume waliokomaa hulengana korodani, na majeraha ya huko huwa mabaya. Wote wawili wahasiwe Karanga akishapona, kwa dawa ya usingizi, si kwa mpira wala wembe wa mafundi wa mbuzi. Hasira hupungua baada ya wiki kadhaa, si siku ya pili, na hata hapo huwarudishi pamoja ghafla.

Jirani yako mjibu kwamba nyama yenye dawa hailiwi. Hata ukibadili nia, Karanga ameshameza amoksilini na atapewa nyingine, nyingi kati yake hazina hata muda wa kusubiri kabla ya kula nyama uliopimwa kwa sungura.

Lakini sitakuficha. Jipu la taya ni la wiki nyingi, dawa peke yake mara nyingi hupita mwezi, na wapo wanaolirudia upasuaji. Anayekula mwenyewe, asiyekonda, mfupa haujaliwa sana, nampigania. Picha ikionyesha taya limeoza pande zote mbili na mnyama hatafuni tena, kumlaza kwa sindano asiamke ni huruma, na daktari akikwambia hivyo usimwone katili.

Ukienda kwake, nenda na chupa ya amoksilini yenyewe ili aone nguvu yake na ulichompa, vinyesi vya usiku kwenye mfuko safi, nyasi na chakula anachokijua, na uzito wake. Kama huna mizani ya wanyama, panda ya nyumbani ukiwa umempakata, kisha panda peke yako, utoe. Na jipu usiliminye njiani, hata likionekana limeiva. Likifika zima, ni rahisi kulitoa.